Somo moja ndani ya kozi sita: namna ya kuliandika mara moja na kulitumia kote

*Swali: Habari mtaalamu. Naratibu mafunzo ya mtandaoni kwa watumishi wa afya hapa Tanzania. Tuna kozi sita kwenye Moodle 4.1, mfumo wetu wa kuendeshea masomo ya mtandaoni: za wauguzi, wakunga, wataalamu wa maabara, wachanjaji, wafanya usafi wa vituo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mambo mengi yanajirudia: kunawa mikono, kuchanganya klorini, kutunza chanjo, taka hatarishi. Kila kozi mpya tuliijenga kwa kunakili masomo ya iliyotangulia. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipohama kutoka dozi mbili hadi moja mwaka 2024 tulirekebisha, lakini juzi mwanafunzi ametuonyesha kozi moja ambayo bado inasema dozi mbili. Kampuni moja inatushauri tununue programu ya kutengenezea masomo, tugeuze kila kitu kiwe SCORM, tukikate kiwe moduli ndogo ndogo, na hapo tatizo litakuwa limekwisha. Ni kweli? Watu wa maudhui ni wawili tu, na wanafunzi wengi wanatumia simu na bando la siku.*

Ndugu mratibu, kosa la dozi lililobaki kwenye kozi moja halitokani na uzembe. Limezaliwa na namna kozi zilivyojengwa. Ukweli mmoja ukishakuwa na nakala sita, kila badiliko ni kazi sita, na watu wawili wenye mambo mengine ya kufanya watasahau mojawapo. Leo ni HPV, kesho itakuwa mwongozo wa malaria au rangi za ndoo za taka. Katika mafunzo ya afya jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mchanjaji atafanya kile alichosoma. Kwa hiyo swali lenu ni la msingi: mtawezaje kuwa na mahali pamoja tu pa kurekebisha?

Ushauri mliopewa una sehemu ya kweli, ila kama mlivyonielezea hautawafikisha huko. Tuanze na SCORM yenyewe. Ni kanuni zilizotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo linalotumika sana hadi leo, 1.2, ni la mwaka 2001. Kifurushi cha SCORM ni faili la zipu lenye kurasa za somo pamoja na faili liitwalo imsmanifest.xml linaloueleza mfumo kilichomo na mpangilio wake. Mwanafunzi akifungua somo, kurasa hizo hutafuta ndani ya kivinjari kiunganishi cha mfumo, kisha hupeleka taarifa: ameanza, ameishia wapi, amepata alama ngapi, amefaulu au hakufaulu. Faida yake ni kwamba somo lililotengenezwa kwa programu moja linaweza kuendeshwa na mifumo mingi tofauti. Mkihama Moodle siku moja, masomo yatahama nanyi.

Kuhama na kusasishwa ni mambo mawili tofauti. Mkipakia kifurushi kimoja kwenye kozi sita, mmeshatengeneza nakala sita tena, safari hii zikiwa zimefungwa ndani ya zipu ambazo hamwezi kuzihariri ndani ya Moodle. Kurekebisha neno moja kutadai mfungue faili la asili kwenye programu mliyonunua, mtoe zipu mpya, mpakie mara sita. Aliye na leseni ya programu hiyo akiondoka kazini na faili za asili zikabaki kwenye kompyuta yake, mtakuwa na masomo msiyoweza kuyagusa kabisa. Zaidi ya hayo, kila kifurushi hubeba kichezeshi chake (programu ndogo inayoliendesha somo), fonti zake na picha zake. Kata kozi moja kuwa vifurushi 40 na mwanafunzi atapakua kichezeshi kilekile mara 40 kwa bando lake.

Upo ushauri mwingine ambao huenda mkapewa: wekeni vifurushi kwenye seva moja ya pembeni, kozi zote ziviite kutoka huko. Kwa SCORM hilo hukwama mara nyingi. Kivinjari, kwa sababu za usalama, hakiruhusu ukurasa uliotoka kwenye anwani moja kuzungumza moja kwa moja na ukurasa wa anwani nyingine. Somo litaonekana vizuri machoni, lakini alama hazitarudi. Moodle inaweza kuwekwa ivute kifurushi kutoka anwani ya nje na kukisasisha yenyewe kila siku, msimamizi wa mfumo akiruhusu. Ila mkibadilisha mpangilio wa kurasa wakati watu wako katikati ya somo, rekodi za maendeleo yao huvurugika. Tumieni SCORM pale mnapopokea masomo kutoka taasisi nyingine au mnapotaka kuwagawia wengine. Msiifanye ndiyo nyumba ya maudhui yenu.

Sasa twende kwenye ukataji, kwani hapa ndipo kazi yenyewe ilipo na ndipo miradi mingi huharibikia. Kipande kidogo si lazima kiwe kipande kinachoweza kutumika tena. Mtu anaweza kukata kozi ya saa nne kuwa vipande 30 ambavyo kila kimoja hakieleweki bila mwenzake. Kinachokifanya kipande kijitegemee ni mambo matatu: kina lengo moja linalopimika, hakitegemei maneno yaliyosemwa mahali pengine, na kina maswali yake. Kwa simu, dakika 10 hadi 15 zinatosha, pamoja na maswali matatu hadi matano. Lengo lisipotoshea kwenye sentensi moja yenye kitenzi kimoja kinachoonekana, hicho ni vipande viwili.

Chukueni somo lenu la klorini. Nadhani kwa sasa linaitwa kitu kama "Usafishaji na utakasaji", lina ufafanuzi wa vijidudu, aina za dawa, kuchanganya, kufuta damu sakafuni na kutunza vifaa. Lengo moja ndani yake ni hili: "Mwanafunzi aweze kuchanganya mmumunyo wa klorini wa asilimia 0.5 kutoka kwenye dawa ya nguvu yoyote iliyoandikwa kwenye chupa." Hicho ni kipande. Ndani yake inaingia kanuni: gawanya asilimia ya dawa kwa asilimia unayotaka, toa moja, jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 ikigawanywa kwa 0.5 inatoa 7, ukitoa moja unabaki na 6, kwa hiyo kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Kwa asilimia 0.05 ni sehemu moja kwa 69. Angalieni faida ya kufundisha kanuni badala ya kukaririsha "moja kwa sita": chupa ya nguvu nyingine ikija kituoni, somo linabaki sahihi. Kila mnapoweza kufundisha kanuni inayozalisha namba, fanyeni hivyo, maana somo la namna hiyo huchelewa kupitwa na wakati.

Kisha likagueni somo hilo kwa maneno yanayolifunga kwenye kozi moja. Tafuteni "kama tulivyoona katika somo lililopita", "katika moduli ya 3", "wewe kama mkunga", "mwaka huu", jina la kituo, jina la mkufunzi, nembo ya mfadhili. Kila kimoja ni kamba inayozuia kipande kisiende kwingine. Kipande kinachohitaji ujuzi wa awali kisiutaje kwa namba ya somo. Hitaji hilo liandikwe kwenye rejista ya vipande, nitakayoieleza mbele, ili anayepanga kozi ndiye aangalie mfuatano. Picha zenye maandishi ndani yake nazo ni mtego: mtu akitaka kubadili neno moja hana faili la asili, analazimika kuchora upya. Wekeni maandishi nje ya picha.

Video inahitaji uangalifu wa peke yake. Dozi, umri, vipimo na rangi vikisemwa kwa sauti ndani ya video, kila badiliko la mwongozo linadai kurekodi upya. Hekima ni kuacha video ionyeshe kitendo, kwa mfano namna ya kuvua glavu au kushika sindano, na namba zote ziwe kwenye ukurasa wa maandishi unaofuata. Laiti somo lenu la HPV lingekuwa na ukurasa mmoja wa "Ratiba" uliotengwa na maelezo mengine, badiliko la 2024 lingekuwa kazi ya dakika kumi.

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo wauzaji wa mifumo hulipita kimya. Kadiri unavyoondoa mazingira kwenye somo ili litumike kila mahali, ndivyo linavyopungua uwezo wa kumfundisha mtu fulani. Mtafiti wa Marekani David Wiley aliliita jambo hili kitendawili cha matumizi tena, na mtu yeyote aliyewahi kusoma somo lililokaushwa kabisa anajua anachosema. Mfanya usafi hujifunza klorini akimwona mfanya usafi mwenzake mbele ya damu iliyomwagika wodini. Mtaalamu wa maabara anataka kuona meza yake ya kazi. Kiini kilekile, maisha mawili.

Kwa sababu hiyo gaweni kila somo tabaka mbili. Kiini ni kile kisichobadilika kwa mwanafunzi yeyote: kanuni, hatua, sababu, tahadhari. Hicho ndicho mtakachoandika mara moja. Ganda ni la kila kozi: aya mbili au tatu za kufungulia zinazosema kwa nini jambo hili linakuhusu wewe uliye kwenye chumba cha kujifungulia, kisa kimoja cha kazini, na zoezi la kufanya kituoni. Ganda ni jepesi na linaandikwa mara sita, moja kwa kila kozi, na wala msijilaumu kwa hilo. Marudio ya aina hiyo yana kazi. Kinachotakiwa ni ganda lisitaje namba yoyote iliyomo ndani ya kiini. Ganda la wakunga likisema "ile moja kwa sita", mmerudi kule kule mlikotoka.

Baada ya maudhui kukaa hivyo ndipo Moodle yenyewe inaweza kusaidia, na hata toleo mlilonalo lina vifaa vya kutosha. Jueni kwanza kwamba kuleta shughuli (yaani somo, jaribio au kitu kingine kilichowekwa kwenye kozi) kutoka kozi moja hadi nyingine kwa njia ya kawaida hutengeneza nakala huru. Baada ya hapo ya kwanza haijui habari za ya pili. Ndicho kilichowapata. Zipo njia tatu zinazotunza asili moja.

Njia ya kwanza ni benki ya maudhui, iliyoingia Moodle tangu 3.9. Mnatengeneza kiini kama H5P, yaani maudhui shirikishi yanayofunguka ndani ya kivinjari, tuseme kitabu shirikishi au slaidi, na kukiweka kwenye benki ya ngazi ya kategoria, yaani kundi la kozi, ambayo kozi zote sita zimo ndani yake. Mnapoongeza shughuli ya H5P kwenye kozi, kichagua faili kitawauliza kama mnataka kunakili faili au kuunganisha nalo. Chagueni kuunganisha. Mtu akichagua nakala bila kuangalia, hapo juhudi yote imepotea bila mtu kugundua hadi mwaka ujao. Faili la asili likihaririwa, kozi zote sita zinaona badiliko. Hatari yake ni upande wa pili wa faida hiyo: mtu akikosea kwenye asili amekosea kote, kwa hiyo ruhusa ya kuhariri benki hiyo wapeni watu wawili tu. Pia mkihamisha kozi kwenda Moodle nyingine kwa faili la nakala rudufu, msitegemee viungo vitabaki hai. Jaribuni kwa kozi moja kwanza.

Njia ya pili ni benki ya maswali. Tangu Moodle 4.0 kila swali hutunza matoleo yake, na jaribio linaweza kuagizwa kutumia toleo jipya daima au kubaki na toleo fulani. Katika 4.1 wekeni maswali kwenye ngazi ya kategoria ili kozi zote ziyaone. Mkipandisha hadi Moodle 5.0, mpangilio huu umebadilika: benki za maswali huko ni shughuli zilizo ndani ya kozi na hushirikishwa kutokea hapo, kwa hiyo msimamizi apange uhamisho huo mapema. Maswali yapewe majina yanayoanza na alama ya kipande chake, ili kiini kikibadilika mjue maswali gani ya kukagua. Somo lililosahihishwa lenye swali la zamani ni baya kuliko somo la zamani, kwani mwanafunzi ananyimwa alama kwa kujibu sawasawa.

Njia ya tatu ni kozi ya pamoja inayosimama peke yake, ambayo wanafunzi wa kozi nyingine husajiliwa humo moja kwa moja kwa kufuata usajili wa kozi zao. Kuikamilisha huwekwa kuwa sharti la kukamilisha kozi kuu. Inafaa sana kwa kitu ambacho kila mtumishi lazima akipite, kama kunawa mikono: sekunde 20 hadi 30 kwa kipukusi cha alkoholi, 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, bila kujali cheo. Muuguzi ambaye pia ni mchanjaji hafanyi somo hilo mara mbili. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi anatoka kozi yake na kuingia nyingine, na kwenye simu wapo watakaopotea njiani. Wekeni kiungo cha kumrudisha mwishoni mwa kila kipande.

Kwa hali yenu ningetumia njia ya kwanza na ya pili kwa sehemu kubwa, na ya tatu kwa masomo mawili au matatu ya lazima kwa wote. Hamhitaji kununua chochote kwa sasa.

Kuhusu bando: video ya dakika tano iliyobanwa kwa kilobiti 500 kwa sekunde ni takriban MB 19. Sauti peke yake ya kilobiti 48 kwa muda huohuo haifiki MB 2. Sehemu kubwa ya kile ambacho watu hurekodi kama video ni mtu anayesoma slaidi, na hiyo ingefaa zaidi kuwa sauti na picha chache. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kupakua kurasa, H5P na hata SCORM 1.2 mahali penye Wi-Fi na kusoma bila mtandao, na majaribio pia mkiruhusu katika mipangilio ya kila jaribio. Majibu hupanda mtandao ukirudi. Vipande vidogo vinasaidia hapa pia, mtandao ukikatika mwanafunzi anapoteza dakika kumi na si saa nzima.

Sasa rejista, ambayo haina mvuto wowote lakini ndiyo itakayowaokoa baada ya miaka mitatu. Jedwali moja la kawaida linatosha: alama ya kipande, lengo lake, lugha, toleo, mwongozo uliotumika na mwaka wake, mwenye dhamana, tarehe ya kukaguliwa tena, kozi zinazokitumia, na mahali faili la asili lilipo. Alama isitokane na nafasi ya somo ndani ya kozi, kwa sababu nafasi hubadilika. KUM-03 kwa kipande cha tatu cha kinga na udhibiti wa maambukizi inatosha. Kwa matoleo tumieni namba mbili: 1.1 ni marekebisho ya herufi au picha, 2.0 ni badiliko la maana, na hilo ndilo linalowalazimu kuwajulisha waliokwisha kumaliza. Safu ya mwongozo ndiyo muhimu kuliko zote. Wizara ikitoa waraka mpya, mnatafuta jina la mwongozo wa zamani na jedwali linawaonyesha vipande vyote vya kugusa. Bila safu hiyo mtasoma kozi zote sita neno kwa neno.

Msianze na kila kitu. Orodhesheni masomo yote, weka alama yale yanayotokea kwenye kozi mbili au zaidi, kisha kati ya hayo chagueni yanayobadilika mara kwa mara au yenye madhara makubwa yakikosewa. Anzeni na hayo, hata yakiwa manane tu. Somo linalotumika kwenye kozi moja liacheni lilivyo, kulikata ni kupoteza muda. Kabla ya yote hayo, wiki hii, tafuteni kwenye kozi zote maneno "dozi mbili" na "dozi ya pili" na mmalize suala la HPV kwa mkono, ndani ya maswali na maelezo ya majibu pia.

Angalieni pia haki za vitu mlivyokopa. Machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani yako chini ya leseni ya Creative Commons inayokataza matumizi ya kibiashara na kutaka kazi iliyotokana nayo itolewe kwa leseni hiyohiyo. Mkitoza ada ya kozi, ombeni ruhusa. Chochote chenye alama ND hamruhusiwi kukikata na kukisambaza kikiwa kimebadilishwa, na kukata ndiyo kazi mnayokwenda kufanya.

Yapo mambo ambayo hayafai kufanywa kwa kusoma jibu kama hili. Kama kozi zenu zina wanafunzi wanaoendelea na vyeti vyake vinahesabiwa na baraza la taaluma kwa pointi za kujiendeleza, ongeeni na baraza hilo kabla ya kubadili muundo, kwani kozi iliyoidhinishwa kwa saa fulani ikivunjwa vipande inaweza kuhitaji idhini upya. Kama rekodi za wanafunzi zitahamishiwa seva iliyo nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake, mwoneni mwanasheria. Viini vyote vya kitabibu visomwe na mtaalamu wa fani, ana kwa ana, akiwa na mwongozo mkononi. Na kwa kuunganisha vipande kwenye Moodle yenye watu, mwiteni msimamizi wa mfumo aketi nanyi siku nzima. Mwombeni kwanza atengeneze nakala ya majaribio ya mfumo wote, aweke humo kipande kimoja kwenye kozi mbili kwa kuunganisha, abadilishe neno moja kwenye asili, kisha afungue kozi zote mbili kwenye simu ya bei nafuu akiwa ameingia kama mwanafunzi. Neno likionekana limebadilika kote na alama za jaribio zikabaki salama, endeleeni na la pili.